Kuni Chini ya Murembe

Watu wa mtaa wetu hapa Bungoma wanasema nina maringo. Ukiniita kutoka nyuma, sigeuki. Nitasimama, nitangoja, na ukitaka neno langu utanizunguka uje mbele ya uso wangu. Wanafunzi wangu wa darasa la tatu walishazoea. Mmoja akitaka ruhusa ya kwenda chooni, hukimbia kwanza mpaka mbele yangu ndipo anyooshe mkono. Marehemu mama mkwe alikuwa akisema, "Huyu alizaliwa bila shingo," na mimi nacheka naye. Wacha waseme maringo. Mtu mwenye maringo haulizwi maswali.

Mwezi uliopita, mvua za kwanza zilipotulia kidogo, binti yangu anayesoma Chuo Kikuu cha Kibabii alikwenda na wenzake kupanda vilima vya Mlima Elgon upande wa Kitale. Siku hizi vijana wanaita haiking. Wanavaa viatu vya bei, wanabeba chupa za maji, wanapiga maua picha kana kwamba maua yameanza kuota mwaka huu. Sisi njia hizo tulizipita pekupeku, tena na mzigo kichwani. Jioni akanitumia picha kwa simu na chini yake ameandika: "Mum, si hii ni ile njia ya kwa Kuka?" Kuka ni babu yake, yaani baba yangu mimi. Kwenye picha binti yangu anacheka, na nyuma yake umesimama mti mmoja mkavu usio na majani, matawi yake yamejaa maua mekundu.

Nilikuwa nasonga ugali. Nilizima moto, nikakaa kwenye kigoda, na ugali ule hatukuula.

Mti ule unaitwa murembe. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini kwa asiyejua nitasema: ni mti wenye miiba kwenye gome, unaotoa maua yake ukiwa uchi, na wazee walikuwa hawautanii. Watu wakigombana juu ya mpaka wa shamba walipelekwa pale kuapa, na mwongo aliogopa kuugusa. Na mtoto akishikwa na matubwitubwi, alipelekwa pale kuyaacha.

Nyumbani kwetu kulikuwa juu ya Kitale, pale mashamba ya mahindi yanapoanza kuinuka na kuwa mlima. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba kubwa la huko chini, Mama akilima kile kipande chetu. Kaka zangu wawili walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo tulibaki watatu, nami kitinda mimba nikadekezwa bila aibu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kijito, na ukivuka kijito njia ilianza kupanda katikati ya vichaka mpaka ukingo wa msitu. Wakati wa kiangazi njia ile ilikuwa vumbi na miiba tu. Mvua ikinyesha wiki moja, loo, ungedhani umepotea njia. Kwanza lilitoka ua jekundu la duara, kubwa kama mpira wetu wa matambara, likitoboa ardhi lenyewe bila jani hata moja. Halafu yakaja ya njano, halafu ya zambarau yanayotambaa, halafu yale ya rangi ya chungwa yaliyopangwa kwenye bua ngazi kwa ngazi, ambayo tulikuwa tunayachomoa moja moja na kuyanyonya asali. Majina yake ya vitabuni siyajui mpaka leo. Mama aliyajua kwa kazi zake. Hili la tumbo, hili la kikohozi, na akifika kwenye lile jekundu la duara alisema, "Hili ni la kuangalia tu."

Mwaka ninaousema, kabla mvua haijaanza, nilipata matubwitubwi. Shingo ilivimba mpaka nikawa siwezi kumeza uji. Kukhu, mama yake Baba, alikuwa amekuja kutoka Mabanga kukaa nasi, maana Mama naye alikuwa ameanza kuugua. Kukhu alikuwa mtu wa kanisa, kila Jumapili yuko kiti cha mbele na kitambaa cheupe kichwani, lakini hakuona kama Mungu angekasirika na murembe. Jioni akaniambia, "Kesho asubuhi tunaenda kwa mti. Ukiamka usiongee na mtu. Hata mimi usiniongereshe." Kiswahili chake kilikuwa kinaweka r mahali pa l, nasi tulimcheka, naye alijua tunamcheka.

Alfajiri alinifungia mzigo mdogo wa kuni, vijiti tu vya mtoto, akaniwekea kichwani. Tukapanda. Kwenye murembe nikauzunguka kama alivyonifundisha, nikatua kuni shinani, nikasema, "Murembe, chukua matubwitubwi yako." Kisha tukashuka kwa njia nyingine, si ile tuliyokuja nayo. Hapo ndipo aliponishika bega kwa nguvu.

"Usiangarie nyuma. Hata nani akuite."

"Nikiangalia?"

"Ugonjwa utakuona uso. Utajua wewe ni nani, utakufuata mpaka nyumbani."

Siku ya nne nilimeza uji. Najua daktari atakuambia matubwitubwi huisha yenyewe. Sawa. Lakini mimi nilikuwa na miaka minane, nilikuwa nimeongea na mti, na mti ulikuwa umenisikiliza.

Ugonjwa wa Mama nao ulikuwa wa kuvimba. Leo najua ni figo. Wakati ule nilichoona ni miguu iliyonenepa kuliko mwili, na uso ambao asubuhi ulikuwa umefura hata macho hayafunguki vizuri. Ukibonyeza kidole kwenye muundi wake, shimo linabaki, kama ukibonyeza unga wa mandazi, halafu linajaa polepole. Nilifanya mchezo. Nilibonyeza mashimo matano kwa mstari, nikihesabu lipi litajaa kwanza, na Mama akaniachia, akisema, "Bonyeza tena, hayaumi." Nikikumbuka mchezo ule siku hizi najionea haya, ingawa yeye mwenyewe alikuwa anacheka.

Mvua ikaja, na mvua ya kwanza haingojei mgonjwa. Trekta lilikuwa likienda toka kuche mpaka kuchwe. Nilimsikia Baba akimwambia, "Tumalize kupanda wiki hii, halafu nikupeleke Kitale." Mama akajibu, "Malizeni tu. Mimi naenda wapi?" Walimaliza. Siku ya kumpeleka, viatu vyake vilikataa kuingia, akavaa ndara za Baba. Alipokuwa anasaidiwa kupanda pikapu ya shamba alinigeukia akasema, "Nafula, njia ya juu imeshaanza kutoa maua. Uyahesabu yote. Nikirudi uniambie ni mangapi."

Siku nne zikapita. Baba alikuwa analala huko huko hospitalini. Kukhu alikuwa anapika, anasali, anatoka nje kuangalia barabara. Mimi nilikuwa nimekaa nafikiri, na fikira za mtoto zina mstari wake ulionyooka kabisa: shingo yangu ilivimba, mti ukachukua, Mama amevimba, basi hakuna mtu aliyeuambia mti. Nilishangaa wakubwa walikuwa wamesahauje jambo rahisi hivyo. Sikumuuliza Kukhu, kwa sababu sheria ilisema usiongee na mtu.

Siku ya tano niliamka kabla ya jogoo wa pili. Nilikusanya vijiti vya jikoni, vingi kuliko vile vyangu, maana Mama alikuwa mtu mzima na uvimbe wake ulikuwa mkubwa. Nikavifunga kwa kitambaa chake cha kichwa, kile cha bluu, ili mti ujue ni wa nani. Kilikuwa na harufu ya moshi na ya mafuta yake ya kujipaka. Nikavuka kijito maji yakinifika magotini, nikapanda.

Nilipofika kwenye murembe kulikuwa kumepambazuka. Maua yake mengine yalikuwa yameanguka kwa mvua, chini pote pekundu. Nilizunguka, nikazunguka tena kwa usalama, nikatua mzigo. "Murembe," nikasema, "huu si wangu. Ni wa Mama. Wa miguu na wa uso. Uchukue wote." Halafu nikaongeza, "Tafadhali," kwa sababu Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha neno hilo.

Nikashika ile njia nyingine. Shingo ilikuwa inaniwasha. Ukikatazwa kuangalia nyuma ndipo unajua nyuma ni kukubwa kiasi gani. Nikasema nitayatazama maua tu, niyahesabu kama alivyoniagiza, mpaka nifike kijitoni. Moja, jekundu la duara. Mbili, tatu, ya njano. Nilihesabu kwa sauti. Ya zambarau yalinishinda, yalikuwa yamejazana, nikahesabu kila kichaka kuwa moja. Nilikuwa nimeyachuma machache mkononi, umande umenilowesha gauni lote, na nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimepata nyingine kama ile. Nilikuwa nimemponya mama yangu. Nilifika arobaini na sita.

"Nafula!"

Niligeuka. Sikufikiri. Mtu akiita jina lako, na sauti ni ya baba yako, shingo haikungojei.

Baba alikuwa amesimama chini ya murembe. Mzigo wangu ulikuwa umefunguliwa, vijiti vimetawanyika miguuni pake, na kitambaa cha Mama kilikuwa mikononi mwake. Akakipeleka usoni, akakaa hivyo muda mrefu. Mimi nikaganda pale pale. Niliona mambo mawili kwa mara moja: Baba ameuokota ugonjwa tena kutoka kwa mti, na mimi nimeuonyesha uso wangu.

Alishuka akanibeba. Nilikuwa mkubwa wa kubebwa, lakini alinibeba mpaka nyumbani, hakunigombeza, hakuuliza nilikuwa nafanya nini. Kukhu alikuwa na macho mekundu. Akanipikia yai. Yai kwetu lilikuwa la mgeni, nami nililila nikijua kabisa kwamba kuna kitu nimekiharibu. Wanawake wa jirani walianza kuja na kukaa kimya. Kesho yake kaka zangu walifika kutoka shuleni, na hapo ndipo Kukhu alipotuketisha sote kitandani akatuambia Mama ametuacha.

Nilihesabu. Jana niligeuka, leo Mama amekufa. Mwalimu yeyote wa hesabu angenipa vema.

Tangu siku ile sikugeuka tena. Kwenye mazishi nilikaa na shingo ngumu, watu waliokuwa nyuma yangu wakilia sikuwatazama. Baba akiniita kutoka mlangoni nikiwa jikoni, nilisimama tu na mgongo wangu. Aliita mara ya pili, mara ya tatu, halafu akaenda zake. Sikuwa namkaidi. Nilikuwa nalinda wale waliobaki. Mahindi yalipokuwa yamefika magotini, Kukhu alifunga nguo zangu kwenye mfuko akaniambia nitaishi naye Mabanga. Baba alisimama karibu na trekta, hakuja kuniaga. Nikajua amejua. Nilisema moyoni, hata ningekuwa mimi, ningemfukuza mtoto wa namna hii.

Nililelewa vizuri Mabanga, sitasema uongo. Nilisoma, nikaolewa, nikazaa. Kwa Baba nilikwenda Krismasi na kwenye mazishi, nikakaa kama mgeni, nikanywa chai, nikaondoka. Kukhu alikufa bila mimi kumuuliza. Kumbe mtu mzima mwenye cheti cha ualimu anaweza kufundisha sayansi asubuhi, na bado ndani yake kuna msichana wa miaka minane aliyemuua mama yake kwa kugeuza shingo. Nilijua si kweli. Kujua hakukunisaidia hata kidogo.

Basi ile picha ya simu. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kitale, nikapanda mpaka nyumbani. Baba sasa ni mzee wa mkongojo, masikio bado mazima, mdomo bado mchache wa maneno. Nilimwambia nataka kwenda kuona maua. Akanitazama sana.

"Na wewe umeanza hiyo haiking?"

"Nimeanza."

"Basi twende. Lakini polepole, mimi si kijana bana."

Tulichukua muda mrefu. Maua yalikuwa yamefunguka yote, sikuyahesabu. Baba alikuwa anasimama kila baada ya hatua chache akijifanya ananionyesha kitu, nami najua anatafuta pumzi. Tulipofika kwenye murembe alikaa juu ya jiwe. Mimi nilibaki nimesimama.

"Baba," nikasema, "siku ile uliponiita hapa, niligeuka."

"Si nilikuita?"

"Sikutakiwa kugeuka." Nikamwambia yote. Kuni, uvimbe, kitambaa, maneno ya Kukhu. Nilimwambia vile nilivyohesabu siku. Nilikuwa naongea nikiutazama mkongojo wake, siwezi kumtazama yeye. Nikamaliza kwa kusema, "Niligeuka, na kesho yake Mama akafa."

Aliulaza mkongojo kando ya jiwe.

"Nani alikuambia ni kesho yake?"

"Ninyi. Kukhu."

"Hiyo ni siku mliyoambiwa, mama." Ananiita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao; alikuwa hajaniita hivyo tangu utoto. "Alienda usiku ule. Hata jogoo hajawika. Mimi mwenyewe nilimfunika. Nilitoka Kitale giza likiwa bado, nikafika hapa kuambia mama yangu, nikakuta wewe haupo. Nikafuata nyayo zako kwa matope. Wakati unafunga hizo kuni, mama yako alikuwa ameshapumzika."

Nilikaa chini kwenye majani mabichi. Sikulia mara moja. Nilianza kuhesabu upya, jogoo wa pili, kijito, mti, na kila nilivyohesabu ikaja sawa.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuona huko chini umeshika maua, unahesabu kwa sauti. Ningekuambia nini?" Akafuta uso kwa kiganja. "Nilisema nitakuambia kesho. Halafu kesho nikakuita, ukanipa mgongo. Kila nikikuita, mgongo. Nikasema, huyu mtoto amejua ni mimi niliyesema tumalize kupanda kwanza. Ati ataniangaliaje? Nikamwambia mama yangu, mchukue, hapa ananiona kama muuaji."

"Sikuwa nimekuchukia."

"Mimi ningejuaje?"

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sauti mbaya, kamasi na yote, na Baba akanishika kichwa kama anayejaribu tikiti kama limeiva. Nilipotulia nilimuuliza kitambaa kilikwenda wapi. Akasema, "Tulimzika nacho. Nilimfunga mimi."

Jua lilikuwa linapanda, na yeye alikuwa anachoka. Akasema nitangulie, njia ni nyembamba, atakuja nyuma yangu kwa mwendo wake. Nilishika ile njia nyingine, ile ya kushuka kijitoni. Mkononi nilikuwa na ua moja jekundu la duara nililolichuma. Nilikuwa nimefika kwenye kona niliposikia sauti yake, imezeeka, imekwaruza, lakini ni ile ile.

"Nafula!"

Niligeuka. Alikuwa amesimama chini ya murembe, mkongojo mkono mmoja, mkono mwingine mtupu. Nilimtazama yeye, nikautazama na mti wenyewe, kuanzia shinani mpaka juu.

"Nini, Baba?"

"Hakuna," akasema. "Nilitaka tu kuona kama utageuka."